Nani Hulipia Kinga ya Viwanda? Ushuru wa Forodha Ukitazamwa kutoka Mbinga

Mjadala wa ushuru wa forodha nchini mwetu Tanzania husikiliza watu wawili: mwenye kiwanda anayeomba kinga na mlaji wa mjini anayelalamikia bei. Mkulima wa kahawa wa Mbinga hasikiki, na hoja yangu ni kwamba yeye hulipa mara mbili.

Malipo ya kwanza yanaonekana dukani. Katika Ushuru wa Pamoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, bidhaa nyingi zilizokamilika hutozwa asilimia 25, na tangu Julai 2022 baadhi hutozwa 35. Sukari, iliyo katika kundi la bidhaa nyeti, imewekewa asilimia 100. Kahawa haiwezi kukingwa hivyo, kwani karibu yote huuzwa nje na bei yake hufuata soko la New York. Mmatengo, mkulima wa Mbinga, anauza kwa bei ya dunia, ananunua kwa bei ya ndani.

Malipo ya pili yamejificha. Mwaka 1936 mwanauchumi Abba Lerner alionyesha kuwa ushuru wa jumla juu ya bidhaa zinazoingia huleta athari ileile ya kodi juu ya zinazotoka. Uagizaji ukibanwa, dola hutafutwa kidogo, shilingi hupanda thamani kuliko ambavyo ingekuwa, na kilo ileile ya kahawa humletea mkulima shilingi chache. Sukari peke yake haitikisi shilingi. Jumla ya ushuru wote yaweza.

Watetezi wa kinga wana hoja nzito. Kilombero na Mtibwa si viwanda vya sukari tu, nyuma yake wako wakulima wadogo wa miwa, na sukari ya dunia imejaa ruzuku za mataifa mengine. Nakubali. Lakini mwanauchumi Friedrich List, aliyeitetea kinga mwaka 1841, aliitaka iwe ya muda. Kilombero ilianza kuzalisha mwanzoni mwa miaka ya 1960, na bado inakingwa.

Kinachonisumbua zaidi ni vibali vya kuagiza sukari. Sukari ya kuziba pengo huingia kwa ushuru mdogo, na kwa miaka kadhaa walioruhusiwa kuiagiza walikuwa wenye viwanda wenyewe. Ushuru, hata ukiumiza, huingia Hazina. Faida ya kibali hubaki kwa aliyenacho. Mvua za El Niño zilipokwamisha uvunaji wa miwa na sukari kuadimika, Bodi ya Sukari ilitangaza bei elekezi Januari 2024, na baadaye mwaka huo Sheria ya Fedha ikaupa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula mamlaka ya kuagiza. Ni hatua njema, ingawa kibali kimehama tu mkono.

Kwenye Ziwa Nyasa, jirani na Mbinga, mambo ni magumu zaidi. Tanzania na Malawi zote zimo katika eneo huru la biashara la SADC, lakini Malawi ilizuia mchele, unga wa mahindi na tangawizi kutoka nje Machi 2025, nasi Aprili tukayafungia mazao yake, kisha tukalegeza baada ya siku chache. Marufuku ni ushuru usio na kikomo, tena usioingiza hata senti. Bandari mpya ya Mbamba Bay haiwezi kupata mizigo ya kudumu ikiwa mfanyabiashara hajui kama Nkhata Bay, upande wa Malawi, itapokea mchele wake wiki ijayo.

Basi asilimia 100 ya sukari iwekewe ratiba ya kushuka, itangazwe miaka kadhaa mbele ili viwanda vijipange. Vibali vya pengo vipigwe mnada hadharani, na mapato yake yasomwe bungeni pamoja na bajeti.