Uuzaji wa Kibanja katika Buhaya

Katika nchi ya Buhaya, tangu vilima vya Bukoba mpaka vijiji vya Muleba vinavyoelekea Ziwa Victoria, kibanja si shamba tu. Ni migomba na mibuni iliyochanganyika, nyumba katikati yake, na makaburi ya wazee kando ya nyumba. Kwa hiyo desturi ya Wahaya iliigawa ardhi mafungu mawili: ile ambayo mtu alijipatia kwa juhudi yake mwenyewe, na ile aliyoirithi katika ukoo. Ya kwanza aliweza kuiuza apendavyo. Ya pili hakupaswa kumwuzia mgeni pasipo kuwaarifu jamaa zake. Desturi hizi, ambazo Hans Cory na Hartnoll waliziandika katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1945, hazikuondoa biashara ya ardhi. Zilidai iwe ya wazi, ili ndugu aliye tayari kulipa bei apate kulikomboa shamba. Uwazi huo ulimkinga mnunuzi pia. Maana aliyenunua kwa kificho alinunua shamba na kesi pamoja.

Lakini wajibu wa kuarifu haukuwabana watu wote sawasawa. Mkama alipomtunukia mtu mkubwa ardhi ya nyarubanja, mara nyingine ardhi hiyo ilikuwa na wakulima ndani yake tayari. Watu waliolima huko tangu zamani walijikuta wapangaji wa bwana mpya, wakidaiwa malipo kwa migomba waliyoipanda wenyewe, wala ridhaa yao haikuwa imeombwa. Sheria ya mwaka 1965 ndiyo iliyoanza kuwakomboa katika upangaji huo, ikafuatwa na nyingine mwaka 1968.

Ukosefu wa pili wa usawa uliwahusu wanawake, nao ulidumu zaidi. Tangazo la Sheria za Kimila la mwaka 1963, katika kanuni ya 20 ya urithi, lilisema kwamba mwanamke aweza kurithi, ila ardhi ya ukoo ataitumia tu, hataiuza. Isipokuwa pale ambapo ukoo hauna mwanamume. Hapo msomaji na atazame tofauti. Mwanamume aliyeuza bila kuwaarifu jamaa alihatarisha shamba kukombolewa. Mwanamke alizuiliwa kuuza hata kama angewaarifu ndugu zake wote.

Jambo hili lilifika mahakamani kutoka Muleba. Holaria Pastory alikuwa amerithi ardhi ya ukoo kwa wosia wa baba yake. Alipozeeka, asipate mtu wa kumtunza, aliiuza tarehe 24 Agosti 1988 kwa shilingi 300,000, na mnunuzi hakuwa wa ukoo wake. Kesho yake Bernardo Ephrahim, ambaye yeye alikuwa shangazi yake, alifungua shauri katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha akiomba mauzo yatanguliwe. Alishinda. Mahakama ya Wilaya ya Muleba ikaigeuza hukumu hiyo, na shauri likaenda mbele ya Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza.

Tarehe 22 Februari 1990 Jaji aliamua kwamba kanuni iliyombagua mwanamke haikupatana na haki za binadamu zilizotiwa katika Katiba mwaka 1984. Tangu hapo mwanamke ana uwezo wa kuuza kama mwanamume. Hata hivyo hakuifuta haki ya ukoo. Ardhi ya ukoo ikiuzwa kwa mgeni bila ridhaa ya jamaa, ndugu aweza kuikomboa kwa kumrudishia mnunuzi bei yake, muuzaji awe mume au mke. Ephrahim naye aliweza kulikomboa shamba lile kwa shilingi 300,000.

Uzito wa hukumu hiyo ni kwamba ilitenganisha mambo mawili yaliyokuwa yamefungwa pamoja: uwezo wa kuuza, na wajibu wa kuarifu. Jamaa walibaki na haki ya kupewa habari na kulipa bei. Walipoteza haki ya kumzuia mzee asiuze ilhali wao hawamlishi.

Sheria za nchi nazo zimeelekea huko. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilikataza nyumba ya wanandoa kuuzwa na mmoja bila ridhaa ya mwenzake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 iliibatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke umiliki wa ardhi. Mwaka 2008 ikawa kosa la jinai kwa mwombaji wa mkopo wa rehani kusema uongo kwa makusudi, katika hati ya kiapo, juu ya kuwapo kwa mume au mke.

Basi anayetaka kununua kibanja Bukoba au Muleba haimtoshi kuona mipaka na kuhesabu migomba. Yampasa kuuliza shamba lilipatikana kwa njia gani, ni nani anayelala ndani ya nyumba, na jamaa gani wamekwisha kuambiwa. Naye muuzaji yampasa kujibu kabla fedha hazijahesabiwa.