Kutoka Kipande hadi Mkataba wa Muda Maalumu

Wanafunzi wangu wanaposikia neno kipande hudhani ni kitambulisho. Kwa Kenya ya kikoloni ni sahihi. Tanganyika, kipande kilikuwa mkataba wa kazi. Mwaka 1907, chini ya Wajerumani, wanaume wa Usambara Magharibi walipewa kadi zilizowalazimu kuwafanyia walowezi kazi siku 30 katika kila miezi minne. Utawala wa Waingereza uliirithi kadi ya siku 30, na mashamba ya mkonge yakaendelea kuitumia.

Kwa kuitazama juu juu, muda wake ulikuwa bayana kabisa. Siku 30, basi. Lakini siku hiyo haikupimwa kwa jua kuchomoza na kuzama. Ilikuwa siku ambayo mnyapara ameridhika kwamba kazi iliyopangwa imekamilika. Asiyeimaliza hakuwekewa alama, na ujira ulisubiri kadi ijae. Mwajiri alijua anadai nini. Mfanyakazi hakujua "mwezi" wake ungeisha lini. Tena, chini ya sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1923, mfanyakazi aliyetoroka kabla ya muda aliweza kushtakiwa kama mhalifu. Uhakika wa kisheria ulikuwepo, ila ulikuwa wa upande mmoja.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iligeuza mengi. Kama ilivyotungwa awali, kifungu cha 14 kiliruhusu mkataba wa muda maalumu kwa wataalamu na kada ya uongozi, si kwa kila kibarua. Kifungu cha 36 kilikwenda mbali zaidi: kukataa kuhuisha mkataba kwa masharti yale yale, au yanayofanana nayo, huhesabika kuwa ni kumwachisha kazi mwajiriwa, iwapo alikuwa na sababu ya msingi ya kutarajia kuendelea.

Hata hivyo, Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinamtaka mwajiriwa mwenyewe aonyeshe msingi wa matarajio hayo, kwa mfano mikataba iliyohuishwa awali au ahadi za mwajiri. Hapo ndipo wengi hukwama. "Usijali, utaendelea tu," husema msimamizi akiwa ameshika kikombe cha chai. Miezi mitatu baadaye, mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, mwajiriwa huulizwa: maneno hayo yameandikwa wapi?