KIFUNGU CHA 14: HISTORIA YA DENI NA UZAZI KATIKA KIKUNDI CHETU

Akina mama wenzangu, mwenyekiti aliponiomba niandike historia kwa ajili ya kijitabu hiki cha kutimiza miaka kumi, nilimwambia kwamba habari za jumla wataandika wengine: siku tulipoanza mwaka 2015, tulikuwa wangapi, na nani alikwenda kwa fundi kutengeneza lile sanduku la kufuli tatu. Mimi niachieni jambo moja tu, nalo ni Kifungu cha 14 cha katiba yetu, kinachohusu mwanachama mjamzito mwenye deni. Wanachama wapya hukisoma kama kwamba kilikuwepo tangu siku ya kwanza. Hakikuwepo. Kilitokana na aibu, na sehemu ya aibu hiyo ni yangu.

Kwanza turudi nyuma kidogo. Mama zetu walicheza upatu. Upatu hauna fomu wala riba, na mchezaji akikaribia kujifungua hubadilishana zamu na mwenzie, mambo yakaisha kwa maneno. Ila upatu hautoi mtaji wa maana. Benki nazo zilikuwa mbali nasi. Zilitaifishwa mwaka 1967, na hata baada ya sheria ya mwaka 1991 kuruhusu benki za watu binafsi, mama wa genge hakuwa na cha kuweka rehani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilikwisha mpa mwanamke aliyeolewa haki ya kumiliki mali yake na kuingia mkataba kwa jina lake, sawa na mumewe. Lakini benki iliuliza hati ya nyumba, na hati ilikuwa na jina la baba.

Ndipo katika miaka ya 1990 ikaingia mikopo ya vikundi. Asili yake ni Bangladesh. Mwaka 1976 mwalimu wa uchumi, Muhammad Yunus, alitoa kiasi cha dola 27 akawakopesha watu 42 wa kijiji cha Jobra, na mwaka 1983 mpango wake ukawa Benki ya Grameen. Utaratibu wake mnaujua: watu watano watano, kila mmoja ni mdhamini wa mwenzie, na marejesho kila wiki. Hapa kwetu PRIDE Tanzania, iliyoanzia Arusha, ilikuwa miongoni mwa waliotangulia, na baadaye yakaja makampuni mengi mengine.

Sasa angalieni jambo hili. Mikopo hii ilikusudiwa hasa wanawake, lakini ratiba yake ilipangwa kama vile mwanamke hazai. Wiki ya kwanza lete, ya pili lete, mpaka ya mwisho. Mwajiriwa ana nafuu, maana Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa likizo ya uzazi ya siku 84 kwa malipo, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Je, mama anayeuza vitumbua aombe likizo kwa nani?

Basi mwaka 2017 tulikuwa wanachama watano tuliokwenda pamoja kukopa kwenye kampuni moja mjini. Mmoja wetu ndiye alikuwa muuza vitumbua. Alichukua shilingi 360,000, riba 60,000, jumla 420,000, kulipa kwa wiki 30, yaani 14,000 kila wiki. Alilipa wiki 16 bila kukosa hata siku moja. Mimba alikuwa nayo, sisi tukijua na yeye akijua kwamba tunajua, ila hakuna aliyeitaja, maana ndivyo tulivyolelewa: mimba haitangazwi, usije ukaiita macho ya watu.

Wiki ya 17 hakuja. Miguu ilikuwa imevimba na kichwa kinamuuma, akaenda kliniki wakakuta presha imepanda. Muuguzi akamweleza wazi habari za kifafa cha mimba, aache kabisa kazi za motoni na arudi kupimwa kila wiki. Sisi wadhamini wanne tukamlipia, 3,500 kila mmoja. Wiki ya 18 tukamlipia tena. Wiki ya 19 afisa mikopo akatuambia bila kutafuna maneno kwamba asipoleta, hakuna kati yetu atakayepata mkopo mwingine. Jamani, 3,500 ilikuwa faida yangu ya siku nzima na zaidi. Tukaenda nyumbani kwake kubeba vyombo.

Nilikuwepo. Nisiseme "walikwenda". Tulitoa sufuria mbili, jiko la mkaa na kile kikaango cha vitumbua chenyewe. Wala hatukujiuliza huyu mtu akipona atalipa kwa kukaangia nini. Mama mkwe wake alikuwa amekaa mlangoni kimya muda wote. Tulipokuwa tunafunga mzigo akaingia ndani, akatoka na beseni jipya lenye kanga mbili, pamba na wembe, vile vitu vya kwenda navyo kujifungua. Akaliweka juu ya mzigo wetu akasema, "Mmesahau na hili."

Hakuna aliyejibu. Vyombo tukavirudisha ndani.

Kikao cha Jumamosi iliyofuata kilikuwa kirefu kuliko vyote. Nataka niwe mkweli hapa, kwa sababu siku hizi tunakisimulia kama kwamba wote tulikuwa upande wa mjamzito. Mmoja wa wadhamini alisimama akasema: na mimi nina watoto wanne, mimba zote nne nililipa madeni yangu nikiwa nazo, mbona hamkuniitia kikao? Alikuwa na haki ya kuuliza. Fedha ya kampuni ni fedha, na inapokosekana kwa mmoja inatoka kwenye ugali wa mwingine.

Aliyetuokoa ni mweka hazina wetu, mama asiyependa maneno mengi, aliyekuja na daftari. Akaandika ubaoni: bado wiki 12, shilingi 168,000. Akasema tusiombe kampuni isamehe, maana haitasamehe. Tuombe ratiba mpya, tena kwa maandishi. Wiki 12, ambazo ndizo siku 84 zilezile za mwajiriwa, mgonjwa alipe 2,000 tu kila wiki, jumla 24,000. Baada ya hapo 144,000 iliyobaki ailipe kwa 8,000 kila wiki kwa wiki 18. Faini isimame. Na riba isiongezwe, kwa kuwa ilikwisha pigwa siku ya kwanza juu ya mkopo mzima. Ile 28,000 tuliyomlipia sisi wanne, mfuko wa jamii uturudishie, naye aurudishie mfuko bila riba.

Katibu, mweka hazina na mume wa mgonjwa walikwenda ofisini mara tatu. Mara ya kwanza waliambiwa kompyuta haikubali. Mara ya pili, meneja hayupo. Mara ya tatu walikwenda na kadi ya kliniki na barua yenye sahihi za wadhamini, meneja akasoma, akakubali. Hapo mweka hazina alifanya jambo ambalo ningependa kila mwanachama alishike: alikataa kuondoka bila nakala yenye muhuri. Miezi miwili baadaye alikuja afisa mwingine kudai faini za nyuma. Karatasi ndiyo iliyomjibu.

Mdogo wake aliendelea kukaanga vitumbua kwa kikaango kilekile, ndipo ilipotoka ile 2,000. Mtoto alizaliwa salama, wa kike, na deni likaisha ndani ya ratiba. Lakini yule mdhamini aliyeuliza swali lake alitoka kwenye kikundi mwisho wa mzunguko. Tulimpa hisa zake zote. Tunasalimiana vizuri tu sokoni, ila swali lake hatukuwahi kumjibu.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba hata wenyewe Grameen walibadili mambo. Mafuriko makubwa ya mwaka 1998 yaliwaacha wakopaji wengi hawawezi kulipa, na ilipofika miaka ya 2001 na 2002 benki ilianzisha utaratibu mpya: anayekwama anapewa ratiba nyingine, kama gari linalotoka barabara kuu kupita njia ya kando na kurudi mbele. Kwetu njia hiyo huitwa mchepuko, ingawa neno hilo siku hizi akina baba wameliharibia jina.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 na kanuni zake za mwaka 2019 zilipotutaka tujisajili halmashauri na katiba iliyoandikwa, ndipo utaratibu wa mweka hazina ukaingia kama Kifungu cha 14, kwa mikopo yetu ya ndani. Haikuwa rahisi. Kuna waliotaka mjamzito asikopeshwe kabisa. Tulipiga kura, hoja ikaanguka, kwa sababu moja tu: tukikataa kuwakopesha, wataficha, na anayeficha ndiye yule tuliyemwendea kubeba vyombo. Tukaweka kwamba mhusika awaambie viongozi watatu tu kwa siri, basi.

Mwaka 2021 kifungu kilituaibisha tena. Mwenzetu mmoja mimba iliharibika mwezi wa saba, na wiki ile ile akadaiwa rejesho zima, kwa vile katiba iliandika "akijifungua mtoto hai". Sijui nani kati yetu aliliingiza neno hilo "hai", na pengine ni mimi niliyekuwa nashika kalamu. Lilifutwa kikao kilichofuata, na faini yake akarudishiwa.

Sasa kuna hoja mpya mezani. Mwaka 2025 sheria za kazi zilirekebishwa ili mama wa mtoto njiti aongezewe likizo. Kwetu bado zile wiki 12 zinahesabiwa tangu siku ya kujifungua, hata kama mama yuko wodini anamkumbatia mtoto kifuani usiku na mchana. Mweka hazina ameshaleta daftari lake. Hoja ni ya tatu kwenye ajenda ya mkutano mkuu, na wenye maoni wampe katibu kabla ya siku hiyo.