Inchi Tatu na Inchi Mbili na Nusu

Jumapili, tarehe 20 Oktoba 1991, moto uliodhaniwa kuwa umezimwa siku iliyotangulia ulifufuka kwa upepo mkavu juu ya vilima vya Oakland, katika jimbo la California. Ulipodhibitiwa, watu 25 walikuwa wamekwisha kufa na nyumba zaidi ya 2,800 zimeteketea. Magari ya zimamoto yalikuja kutoka miji ya karibu na ya mbali, lakini wengi wa waliofika walikumbana na jambo dogo la kusikitisha: mabomba ya barabarani ya Oakland yalikuwa na midomo ya inchi 3, na mipira yao ya maji ilikuwa ya inchi 2.5. Maji yalikuwapo, na watu pia. Kilichokosekana ni kiungo. Redio nazo zilisongamana sauti hata mtu asimsikie mwenziwe.

Wala jimbo hilo halikuwa geni wa majanga. Mkataba wa kusaidiana baina ya miji yake ulitiwa saini mwaka 1950. Mwaka 1970, mioto ya siku 13 iliua watu 16 na kuunguza majengo zaidi ya 700, na hapo ikadhihirika kwamba vikosi havikuwa hata na msamiati mmoja: chombo kile kile huku kikiitwa hivi na kule vile, na kila idara na misimbo yake ya redioni. Msiba huo ndio uliozaa mradi wa FIRESCOPE, uliopata fedha za Bunge la Marekani mwaka 1972. Mradi ukaleta uongozi wa aina moja uwanjani, vyeo vya jina moja, na lugha ya wazi badala ya misimbo. Wapenzi wa ushairi watalielewa hili upesi zaidi ya wahandisi, maana neno lenye maana mbili humfurahisha malenga, bali mzima moto humwunguza.

Ila utaratibu ule ulikuwa wa hiari. Baada ya Oakland, Seneta Nicholas Petris alipeleka mswada uliokuwa sheria kuanzia Januari 1993, ukiiamuru Ofisi ya Huduma za Dharura ya gavana iweke mfumo mmoja wenye ngazi tano: uwanja wa tukio, serikali ya mtaa, kaunti, kanda, na jimbo. Ngazi ya chini ikiishiwa, huomba kwa ile ya juu yake. Lakini anayeombewa msaada hanyang'anywi uongozi. Kazi kubwa ya ofisi si kushika mpira wa maji, ni kujua nani anao na yuko wapi.

Sheria haikutisha kwa jela, ilishika mfuko: mji usiofuata mfumo haurudishiwi na jimbo gharama za watumishi wake waliopambana na janga. Miji ikafuata. Mwaka 2004 serikali ya shirikisho nayo iliuchukua uongozi ule wa uwanjani kwa nchi nzima. Ofisi yenyewe ilibadilishwa jina mwaka 2009, na tena mwaka 2013; ngazi zimebaki tano.