Umechomeka chaja isiyo yake kwenye laptop? Fanya haya kabla hujaambiwa "bodi imekufa"

Umerudi nyumbani Mbezi Beach jioni, betri ya laptop imeisha na chaja umeisahau ofisini. Jirani anakuazima ya kwake. Pini inaingia vizuri kabisa. Unawasha swichi ya ukutani, taa ya laptop inawaka mara moja, inazima. Kimya.

Je, imeungua? Inawezekana, lakini si lazima. Na hata kama imeungua, mara nyingi ni sehemu ndogo tu. Fuata hatua hizi.

1. Zima, chomoa, usirudie

Zima swichi ya ukutani kwanza, kisha chomoa chaja. Usijaribu tena eti "nione kama itashika". Kifaa kilichopigwa shoti kidogo kinaweza kumalizika kabisa ukikirudishia umeme.

Kama kuna moshi, harufu ya kuungua au betri imevimba, ishia hapo. Iweke mbali na godoro na mapazia, usiichaji tena, mpelekee fundi.

2. Soma maandishi ya chaja zote mbili

Pini kuingia siyo ushahidi kwamba chaja ni yake. Angalia palipoandikwa OUTPUT:

- Volti (V): zilingane. Laptop nyingi hutumia 19, 19.5 au 20. Tofauti ya nusu volti kwa kawaida haina madhara. Adapta ya king'amuzi ya volti 12 kwa kawaida haitachaji tu. Hatari kubwa ni volti kuzidi.
- Ampea (A): ziwe sawa au zaidi. Zikiwa chache, chaja inapata moto sana au laptop inakataa kuchaji. Zikizidi hakuna shida, maana laptop huvuta kiasi inachohitaji.
- Mchoro wa chanya na hasi: ufanane. Ukipishana, umeme unaingia kinyume.

Chaja za USB-C zina nafuu. Zinaanza na volti 5 na kupanda pale tu laptop inapoomba. Ukichomeka ndogo, mara nyingi utaona inachaji taratibu au haichaji.

3. Jaribu kwa chaja yake halisi

Kama hakuna harufu wala moshi, toa betri ikiwa inatoka. Bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde 30 ili umeme uliobaki ndani uishe. Sasa chomeka chaja sahihi na uwashe.

Ikiwaka, nakili kwanza mafaili yako muhimu kwenye flashi, mengine baadaye. Ikiwaka ila haichaji, huenda tatizo liko kwenye tundu la chaja au sehemu ya kuchajia. Isipoonyesha dalili yoyote, nenda kwa fundi.

4. Kompyuta ya mezani ni kesi tofauti

Umeme wetu ni volti 230. Marekani ni 120, Japani ni 100. Kompyuta za mtumba, hasa za zamani, nyingine zina kiswichi chekundu nyuma, karibu na waya wa umeme, chenye 115 na 230. Kikiachwa kwenye 115 ukachomeka ukutani, utasikia mlio "pa!"

Usikate tamaa. Mara nyingi kinachokufa ni pawa saplai peke yake, na hiyo inabadilishwa. Ila usiifungue mwenyewe. Ndani yake umeme hubaki hata baada ya kuchomoa, na unaweza kukujeruhi vibaya.

5. Ukifika kwa fundi, iwe mtaani au Kariakoo

Mwambie ukweli: chaja gani, volti ngapi, nini kilitokea. Ukificha, atatafuta tatizo mahali pasipo.

Ukiambiwa ubadilishe bodi nzima, omba kwanza akague tundu la chaja, fyuzi na njia ya kuchajia kwa mita. Hizo ndizo zinazopokea kipigo cha kwanza, na zinaweza kutengenezwa bila kubadilisha bodi.

Kumbuka pia: laptop kufa siyo mafaili kufa. Diski inayotoka inaweza kuchomekwa kwenye kompyuta nyingine, ukachukua ripoti zako, picha na hesabu za duka. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, utahitaji ufunguo wa tarakimu 48. Kwa wengi huwa umehifadhiwa kwenye akaunti yao ya Microsoft. Baadhi ya laptop nyembamba zina hifadhi iliyounganishwa kwenye bodi yenyewe, kwa hiyo usikubali bodi itupwe kabla mafaili hayajatolewa.

Isijirudie

Bandika kipande cha plasta kwenye kila chaja nyumbani, andika ni ya kifaa gani na volti ngapi. Ni kazi ya dakika tano, na hata mgeni akiazima chaja kwako hatakosea.