Lubugo: Kitambaa cha Kagera Kilichokosa Mteja

Kabla jora la kwanza la amerikani, kitambaa cha pamba cha kiwandani, halijafika Buhaya, nchi ya Wahaya mkoani Kagera, watu wa Kiziba, Kyamutwara na Ihangiro, yaani sehemu za wilaya za leo za Missenyi, Bukoba na Muleba, walikuwa na kitambaa chao. Hakikufumwa, wala hakikuhitaji pamba. Kilibanduliwa kwenye mtoma, mti wa jamii ya mkuyu uliopandwa kibanjani pamoja na migomba, kikapondwa hadi kikawa laini, kikashonwa viraka na mara nyingine kikatiwa rangi. Kitambaa hicho ni lubugo.

Siku hizi wasanii wa nguo duniani wanaunganisha vipande vya vitambaa walivyovichora na kuvipiga chapa kwa mkono, na kuvitundika ukutani kama picha. Kazi ya namna hiyo si ngeni katika ukanda wa Ziwa Victoria.

Fundi wa lubugo alichagua mtoma ulionyooka, akangoja mvua, kwa kuwa gome lenye maji hubanduka kwa urahisi. Alikata mduara juu na chini ya shina, akapasua wima, akalibandua taratibu asijeruhi mti. Shina lililobaki uchi lilifungwa kwa majani ya mgomba lisikauke, gome jipya likaota, na mti uleule ukavunwa tena na tena kwa miaka mingi. Gome lenyewe lilikwanguliwa tabaka la nje, likalainishwa kwa joto, kisha likalazwa juu ya gogo na kupondwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji. Alianza na nyundo ya mifereji mipana, akamalizia na ya mifereji myembamba. Yote hayo yalifanyika kibandani, kwa sababu jua likiliwahi gome, hukakamaa kabla halijatanuka. Jua lilikuja mwisho, na ndilo lililokigeuza kitambaa kuwa chekundu kama udongo wa kichuguu.

Baada ya nyundo ilikuja sindano. Palipokuwa na tawi palibaki tundu, na kila tundu lilizibwa kwa kiraka cha gome hilohilo. Kwa kuwa upana wa kipande haukuweza kuzidi ulivyoruhusu mti, vipande viliungwa ili kupata vazi zima au tandiko. Katika falme za Maziwa Makuu lubugo ya wakubwa ilitofautishwa kwa rangi. Nyingine zilitiwa weusi, nyingine zikachorwa mistari na maumbo meusi juu ya wekundu wa asili. Baadhi ya hizo zimehifadhiwa katika makumbusho ya Ulaya.

Huku Buhaya lubugo ilikuwa vazi, shuka na sanda. Wafu walizikwa wamevingirishwa ndani yake, na waganga wa mizimu waliivaa walipofanya kazi yao. Mwaka 1910 Mjerumani Hermann Rehse alichapisha Ujerumani kitabu kizima kuhusu Kiziba na watu wake. Lakini wakati huo enzi ya kitambaa hicho ilikwisha kuanza kufifia.

Pwani nako, katika karne ya 19, wanawake wa Zanzibar na Mombasa waliunganisha vitambaa vya leso kwa sindano wakapata vazi la kujitanda, nalo likazaa kanga. Baadaye wafanyabiashara walileta kanga zilizopigwa chapa viwandani ng'ambo. Nguo za pamba za kiwandani kama hizo ndizo zilizosukuma lubugo pembeni.

Emin Pasha, aliyewatumikia Wajerumani, aliweka kituo chao Bukoba mwaka 1890. Mwaka 1901 reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu, na kuanzia hapo meli za ziwani zilileta majora ya pamba kwa bei nafuu na kurudi na ngozi na kahawa. Mkulima mwenye fedha ya kahawa hakuwa na sababu ya kungoja mvua na kuponda gome. Shule na kanisa navyo vilitaka nguo nyeupe ya pamba. Lubugo ikabaki kwa Omukama, yaani mfalme, kwa mganga na kwa maiti. Serikali ya Tanganyika huru ilipofuta utawala wa machifu mwaka 1963, mteja mkubwa wa fundi akaondoka.

Ng'ambo ya mpaka wa Mutukula mambo yalikwenda hivyohivyo kwa muda. Uganda ilifuta falme zake mwaka 1967, na lubugo ikafichwa masandukuni. Lakini mwaka 1993 falme zilirudishwa, Kabaka Ronald Mutebi akatawazwa, na mafundi wa Buganda wakaanza tena kupata kazi. Mwaka 2005 UNESCO iliutangaza utengenezaji wa lubugo wa Uganda kuwa miongoni mwa kazi bora za urithi wa binadamu, na mwaka 2008 ukaingizwa kwenye orodha yake ya urithi usioshikika.

Baada ya hapo wasanii wakawa wateja wapya. Sanaa Gateja, aliyezaliwa Kisoro mwaka 1950, hushona maelfu ya shanga za karatasi juu ya lubugo hadi iwe picha kubwa ya ukutani. Collin Sekajugo huichanganya na rangi na vitambaa vingine. Sekajugo alikuwa katika banda la Uganda kwenye maonyesho ya sanaa ya Venice mwaka 2022, na Gateja mwaka 2024. Fred Mutebi, mchapaji wa picha kwa vibao vya mbao, huifanya lubugo kuwa karatasi yake, na amewahamasisha wakulima wa upande wa Masaka wapande mitoma. Masaka na Bukoba zimeungwa na barabara moja.

Hapo ndipo penye somo kwa Kagera. Mitoma bado ipo vibanjani, na batiki inajulikana na akina mama wengi wa vikundi. Tanzania iliridhia mkataba wa UNESCO wa urithi usioshikika mwaka 2011, kwa hiyo mlango wa kimataifa nao uko wazi. Kinachokosekana ni mtu wa kuagiza kazi.

Basi maofisa utamaduni wa Bukoba na Muleba wawatafute wazee wanaokumbuka kuponda gome, wawakutanishe na vijana wanaochora na kutengeneza batiki. Wenye hoteli za ufukweni watundike ukutani kazi za mikono ya hapa badala ya picha za kiwandani. Makanisa, shule na familia zinazojiandaa kwa harusi zianze kuagiza, hata kipande kimoja. Kilichoiua lubugo ni kukosa mteja, na mteja huyo anaweza kuwa wewe msomaji.