Mgonjwa Aliye Katika Muda wa Matazamio Kazini: Wajibu Wake, Haki Zake na Wajibu wa Mwajiri

SWALI

Mimi ni kijana wa miaka 24, mtunza stoo katika duka la jumla Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Mkataba wangu una miezi 6 ya matazamio, na sasa niko mwezi wa 4. Nimekohoa kwa wiki nyingi, nikapimwa makohozi, nikaambiwa nina kifua kikuu. Daktari amenianzishia dawa na kunipa ED ya kupumzika nyumbani. Bosi wangu ameshanionya mara mbili kuwa nakosa nguvu na nachelewa. Mwenzangu ananishauri ninywe dawa kimya kimya na niendelee na kazi mpaka nithibitishwe. Je, inafaa kuficha? Na nikiachishwa, nina haki gani? Mama na wadogo zangu wananitegemea.

JIBU

Alhamdulillah, sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Sahaba zake. Amma baad.

Kwanza tunakuombea shifa kamili isiyobakisha maradhi. Swali lako si lako peke yako. Vijana wengi wa Kariakoo, wauzaji, makuli na watunza stoo, hufikwa na jambo hili katika kipindi ambacho mtu hujiona hana haki hata ya kuumwa. Jina lenyewe la Kariakoo limetokana na kikosi cha wapagazi waliobeba mizigo ya jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, na wengi wao walimalizwa na maradhi kuliko risasi. Mwenye kutumikisha watu huko ana la kuzingatia.

Muhtasari wa jibu letu ni huu: haifai kuficha kwa namna itakayowadhuru wenzako, wala haifai kuacha dawa. Mweleze mwajiri mapema, kwa maandishi, na umuombe akuongezee muda wa matazamio. Ufafanuzi unafuata.

1. Maradhi si dosari ya amana

Katika Suratul Qasas, aya ya 26, sifa mbili zimetajwa za mtu anayefaa kuajiriwa: nguvu na uaminifu. Muda wa matazamio umewekwa kuzipima sifa hizi mbili. Maradhi huondoa nguvu kwa muda, lakini hayagusi uaminifu. Kinachougusa ni uongo. Kwa hivyo mgonjwa anayesema kweli amebakiwa na sifa moja kamili, na ile ya pili inasubiri dawa. Anayeficha huhatarisha zote mbili.

Allah ameondoa lawama kwa mgonjwa katika Suratun Nur, aya ya 61, na Suratul Fat-h, aya ya 17. Imepokewa kwa Abu Musa al-Ash'ariy (R.A.), katika Sahihi ya Bukhari, kwamba mja akiugua au akisafiri huandikiwa malipo ya yale aliyokuwa akiyafanya alipokuwa mzima na yuko mjini kwake. Kwa hivyo siku utakazolala nyumbani kwa amri ya daktari usizihesabu kuwa zimepotea mbele ya Mola wako, hata kama zitakatwa kwenye mshahara.

2. Hukumu ya kuficha

Asili ni kuwa mtu ana haki ya kujisitiri, na halazimiki kutangaza maradhi yake kila mahali. Lakini kifua kikuu cha mapafu huambukiza kwa njia ya hewa, na stoo nyingi za Kariakoo hazina madirisha. Mtume (S.A.W.) amekataza mtu kudhuru wengine, na amekataza kumpeleka mgonjwa kwa wazima, kama ilivyo katika Bukhari na Muslim. Kwenda kazini kabla daktari hajakuruhusu ni kuwadhuru wenzako na familia zao. Hilo haliruhusiwi, hata kwa kuogopa kukosa riziki.

Anayestahiki kujua ni mwajiri wako, kwa kiasi cha haja, na wale uliokaa nao karibu ili wakapimwe. Kuhusu hao wa pili, omba msaada wa wahudumu wa kliniki, kwani ni sehemu ya kazi yao. Wateja na majirani wa duka hawana haki ya habari hiyo, na mwajiri akiisambaza atakuwa amevunja sitara ya Muislamu mwenzake.

Na ikhwani wajue kuwa kifua kikuu kinatibika. Dawa zake hutolewa bure katika vituo vya serikali, na tiba ya kawaida huchukua miezi 6. Mara nyingi, baada ya wiki chache za dawa mgonjwa haambukizi tena na anaweza kurudi kazini, ila anayeamua hilo ni daktari. Khatari kubwa ni kuacha dawa ukijiona umepata nafuu, kwani maradhi hurudi yakiwa sugu. Allah amekataza tusijitie wenyewe katika maangamizo, Suratul Baqara, aya ya 195. Dua na ruqya ni kheri, lakini havichukui nafasi ya dawa.

3. Cheti cha uongo

Wapo wanaonunua ED mitaani, au wanaoongeza siku kwenye ED ya kweli. Hiyo ni shahada ya uongo, na ni katika madhambi makubwa. Pia humharibia mgonjwa wa kweli atakayekuja baada yake, kwani mwajiri aliyedanganywa mara moja hataamini tena karatasi ya daktari.

4. Sheria inasemaje

Wanazuoni wameweka kanuni kuwa lililozoeleka baina ya watu ni kama lililowekewa sharti. Sheria za kazi na mkataba uliotiwa saini vinaingia humo maadamu havihalalishi haramu, na Waislamu wameamrishwa kutekeleza mikataba, Suratul Maida, aya ya 1. Kwa Tanzania Bara inayohusika ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004. Zanzibar ina sheria yake ya ajira, Na. 11 ya 2005.

Lazima tukwambie ukweli, hata ukiwa mchungu. Katika sheria ya Bara, mfanyakazi aliyetimiza miezi 6 ana siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 kwa mshahara kamili na 63 kwa nusu mshahara, akileta cheti cha daktari. Aliye chini ya miezi 6, kwa kawaida, hana likizo hiyo yenye malipo, wala hana kinga ya kuachishwa kazi isivyo haki. Soma mkataba wako vizuri, huenda umekupa zaidi.

Lakini hukuachwa mikono mitupu:

- Kanuni za mwaka 2007 za utendaji bora zinamtaka mwajiri amweleze aliye kwenye matazamio kasoro zake, amsikilize na ampe muda wa kujirekebisha. Muda wa matazamio unaweza kuongezwa baada ya kushauriana naye, na hautakiwi kuzidi miezi 12.
- Ubaguzi kwa sababu ya ulemavu, VVU au ujauzito umekatazwa, na katazo hili linamlinda hata aliye mwezi wa kwanza.
- Notisi ni siku 7 katika mwezi wa kwanza. Baada ya hapo ni siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, na siku 4 kwa anayelipwa kwa siku au kwa wiki.
- Ukiachishwa, unalipwa siku zote ulizofanya kazi na unapewa cheti cha utumishi.
- Malalamiko hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA): ndani ya siku 30 kama ni ya kuachishwa kazi, na siku 60 kwa migogoro mingine.

Tena usidhani kwamba miezi 6 ikipita kimya umeshathibitishwa. Mahakama ya Rufani imeeleza kuwa kwisha kwa muda peke yake hakumfanyi mtu kuwa amethibitishwa.

5. La kufanya sasa

Mpelekee mwajiri nakala ya ED, na ubaki na ya kwako. Kama huruhusiwi kutoka, mtume ndugu yako. Andika barua fupi: tarehe uliyoanza tiba, siku ulizopewa, na ombi kwamba muda wa matazamio uongezwe kwa idadi ya siku utakazokosa. Ombi hilo ni sulhu, na sulhu ni kheri: yeye anabaki na haki ya kukupima, nawe unapimwa ukiwa mzima. Ukirudi, omba kazi nyepesi kwa muda. Akikataa kupokea barua, mtume kwake mtu mzima anayemheshimu, awe imamu au mfanyabiashara mwenzake.

6. Nasaha kwa waajiri

Mwenye duka ana haki ya kutafuta mtu anayeweza kazi, na shari'a haimlazimishi kubeba hasara isiyo na mwisho. Lakini Mtume (S.A.W.) amewaita wanaotutumikia kuwa ni ndugu zetu, na akakataza tusiwakalifishe wasiyoyaweza. Kumpima mtu katika wiki anazotapika dawa si kumpima. Na kumfukuza anayesema kweli ni kuwafundisha waliobaki waje kazini wakikohoa na kunyamaza. Ikibidi kuachana, mlipe haki yake yote bila kumzungusha. Allah atakuwa hasimu, Siku ya Kiyama, wa aliyemtumikisha mtu kisha asimpe ujira wake, kama ilivyopokewa na Bukhari.

7. Nasaha kwa jamii

Mgonjwa aliyekatika mshahara na ana wanaomtegemea anaingia katika mafakiri na masikini waliotajwa katika aya ya zaka, Suratut Tawba, aya ya 60. Kamati za misikiti ya Kariakoo, Ilala na Buguruni wasimsubiri aje kuomba. Dawa ni bure, ila chakula na nauli ya kliniki si bure, na wengi huiacha dawa kwa sababu ya hivyo viwili.

Ndugu yetu, riziki yako iko kwa Allah, haikufungwa katika duka moja. Meza dawa zako, sema kweli, weka nakala, kisha mtegemee Yeye.

Wallahu a'lam.